Rubani Hulala Wapi? Hali ya Maisha ya Marubani wa Safari za Ndani Tanzania Ikitazamwa Kutoka Kiboriloni, 1946–2022

1.0 Utangulizi

Historia ya usafiri wa anga nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya ndege na wenye ndege. Msomaji huelezwa lini Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianzishwa na lini lilivunjika, hisa ngapi ziliuzwa kwa Waafrika Kusini na zikarudishwa kwa bei gani, na ndege za aina gani zilinunuliwa kwa fedha za umma. Mtu anayeketi mbele ya ndege hiyo hutajwa siku mbili tu: siku ya mapokezi, ndege mpya inapomwagiwa maji uwanjani, na siku ya ajali. Insha hii inamchunguza mtu huyo katika siku zilizobaki. Inauliza maisha yake yalikuwaje alipokuwa akifanya safari za ndani, zile fupi zisizo na sifa, na ni nguvu zipi zilizoyaunda maisha hayo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hali ya maisha ya rubani wa ndani iliamuliwa na kituo kuliko ilivyoamuliwa na mshahara. Kwa neno kituo tunakusudia mahali ambapo shirika liliamua ndege zake zilale. Ndege ikilala Nairobi, rubani alijenga maisha yake Nairobi. Ikilala Dar es Salaam, aliyahamishia huko. Ikifungiwa isiruke kabisa, maisha yake yalisimama pamoja nayo. Kutokana na kituo yalifuata mengine: nyumba, shule za watoto, na hasa mafao ya uzeeni, jambo ambalo waandishi wengi wa historia ya anga hawakuligusa.

Kiboriloni imechaguliwa kuwa mahali pa kutazamia kwa sababu za makusudi. Ni kata ya Manispaa ya Moshi, upande wa mashariki wa mji, kando ya barabara iendayo Himo na Marangu, na nchini inafahamika zaidi kwa soko lake la mitumba. Hapana uwanja wa ndege Kiboriloni. Upo uwanja mdogo wa Moshi, na upo Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao kila mtu huuita KIA, huko magharibi katika Wilaya ya Hai. Lakini watu wa miteremko hii wamepeleka watoto shule tangu enzi za misheni, na urubani umo katika orodha ya kazi ambazo mzazi angependa kusikia mwanawe akizitaja. Swali la hali ya maisha ya rubani, kwa hiyo, si la udadisi tu kwa mzazi wa namna hiyo; ni swali la kama inafaa kukopa, au kugusa kihamba, ili kulipia mafunzo.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa kidogo. Rubani limetoka katika Kiarabu, na pwani lilimhusu mwelekezaji wa chombo cha baharini, mtu aliyejua miamba na mikondo, muda mrefu kabla ya kuhamishiwa angani. Uhamisho huo ulikuwa sahihi kuliko walioufanya walivyojua, kwa maana rubani wa kwanza wa anga ya Kilimanjaro alihitaji maarifa yale yale ya kujua mwamba uko wapi usipoonekana.

2.0 Mlima mbele ya kioo

Ndege zilifika katika anga ya Kilimanjaro kabla ya kuwapo huduma ya abiria ya kudumu. Mswisi Walter Mittelholzer alirusha ndege juu ya Kibo mnamo Januari 1930 na kupiga picha za kreta yake kutoka angani. Wakati huo Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bi. Florence Kerr Wilson, ilikuwa imeanza kubeba abiria na barua katika eneo hili. Vita vya 1939 vikaimaliza. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 likimilikiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kikosi chake cha kwanza kilikuwa cha ndege ndogo za de Havilland Dragon Rapide, zenye mabawa mawili mawili na injini mbili.

Ni muhimu kuelewa maana ya ndege hizo kwa mwili wa mtu. Kibo ina urefu wa meta 5,895 na Mawenzi meta 5,149. Rapide haikuwa na hewa ya kushindiliwa ndani, wala Dakota zilizoifuata. Juu ya meta 3,000 hivi rubani huanza kupungukiwa oksijeni. Maumivu ya kichwa hufuata, na kibaya zaidi ni kwamba uamuzi wake hudhoofika bila yeye mwenyewe kutambua. Hivyo aliruka chini ya vilele na kuuzunguka mlima badala ya kuupita juu. Wakati wa kiangazi hili halikuwa na taabu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mlima hujifunika mawingu kwa siku nyingi mfululizo, na kabla ya rada na vifaa vya kisasa, rubani alikuwa na dira, saa, redio na hesabu yake mwenyewe ya upepo.

Tarehe 18 Mei 1955, ndege ya shirika hilo aina ya Dakota, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro upande wa kusini mashariki. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Tarehe hiyo imo katikati ya masika, na hilo pekee linaeleza mengi kuhusu kazi yenyewe. Safari ya Dar es Salaam hadi Nairobi haikuwa ya ushujaa. Ilikuwa safari ya ratiba, inayorudiwa wiki baada ya wiki na watu walewale. Hatari ya rubani wa ndani ilikuwa ya aina hii: mahali anapopajua mno, katika siku isiyo tofauti na ya jana.

Marubani wa kipindi hicho walikuwa Wazungu, wengi wao wakiwa wamejifunza kazi vitani. Utumishi wa kikoloni hadi katikati ya miaka ya 1950 ulikuwa na ngazi za mishahara zilizofuata rangi ya mtu, na Mzungu aliyeletwa kutoka ng'ambo alipata nyumba na likizo ndefu ya kurudi kwao. Kwa kipimo cha nyakati zile hayo yalikuwa maisha mazuri. Tunayataja kwa sababu yalijenga sura ya rubani ambayo haikufutika: mtu mwenye nyumba ya shirika, gari, na heshima. Wazazi wa Moshi waliirithi sura hiyo katika miaka ya 1960, wakati masharti yaliyoifanya iwezekane yalikuwa tayari yanaondoka.

3.0 Kutoka Nairobi kurudi nyumbani

Baada ya uhuru shirika lilikua haraka. Comet zilikuwa zimeingia mwaka 1960, Fokker Friendship zikafuata kwa safari za ndani, na Super VC10 mwaka 1966 kwa safari za mbali. Uafrikanishaji wa marubani ulikwenda polepole, kwa sababu rubani hatengenezwi kwa tangazo la serikali; leseni ya biashara ilidai saa zisizopungua 150 hadi 200 za kuruka, na leseni ya juu ya kuongoza ndege kubwa saa 1,500. Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zote tatu. Desemba 2 ya mwaka huo huo KIA ilifunguliwa, ikiwa imejengwa kwa mkopo wa Italia, yenye njia ya kurukia ya meta 3,600. Kwa kitambo kifupi ilionekana kwamba kijana wa Moshi angeweza kujifunza Soroti, kuajiriwa na shirika la Jumuiya, na kutua kilomita chache kutoka kwao.

Lakini ndege zililala Nairobi. Makao makuu ya Jumuiya yalikuwa Arusha, ya shirika la ndege yalikuwa Nairobi, na karakana zilikuwa Embakasi. Mtanzania aliyeajiriwa huko alipanga nyumba huko, akasomesha watoto huko na akaweka akiba katika mfuko wa huko. Shirika liliposimama mwanzoni mwa mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya mwezi Februari, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Shirika la Ndege la Tanzania likaundwa Machi 1977. Historia rasmi husema kwamba marubani Watanzania walirudi kujenga shirika la taifa, na ni kweli. Haisemi kwamba kwa mtu wa Kilimanjaro kurudi nyumbani kulimaanisha kwenda Dar es Salaam, maana ndege mpya za Boeing 737 zilizofika mwishoni mwa muongo huo zililala huko.

Mshahara nao ulibadilika sura. Tangu mwaka 1967 mishahara ya mashirika ya umma ilipangwa na kamati ya kudumu iliyojulikana kwa kifupi cha SCOPO, kwa shabaha ya Azimio la Arusha ya kupunguza tofauti za vipato. Mwandishi wa insha hii anaiona shabaha hiyo kuwa ya haki. Hata hivyo, ilipokutana na mfumuko wa bei wa miaka ya 1980, thamani ya mshahara wa mtumishi wa umma ilianguka kiasi kwamba posho ikawa muhimu kuliko mshahara. Hapo ndipo tofauti kati ya rubani wa ndani na wa nje ilipokuwa kubwa. Katika nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni, aliyelala ng'ambo angeweza kurudi na sabuni, betri na viatu vya watoto. Aliyelala Mwanza alirudi na sato. Biashara ilipofunguliwa mwaka 1984 na mitumba kuenea, mchuuzi wa soko la Kiboriloni hakuwa tena na sababu ya kumwonea wivu mwenye mshahara, awe anaruka au anatembea.

Kazi ya ndani pia haikuwa salama kisiasa. Februari 26, 1982 ndege ya shirika aina ya Boeing 737, ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, safari isiyozidi saa mbili, ilitekwa. Watekaji walidai Rais Nyerere ajiuzulu. Ndege ilipitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi Stansted, Uingereza, ambako walijisalimisha siku mbili baadaye. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi.

Katika yote haya, jambo lililodumu kuliko mengine lilikuwa pensheni. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa makubaliano ya mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa miaka mingi ulioongozwa na Mswisi Victor Umbricht. Waliokuwa watumishi wa Jumuiya, wa reli, bandari, posta na ndege, waliendelea kudai mafao yao. Madai ya Watanzania yalifika Mahakama Kuu, pande mbili zikaridhiana mwaka 2005, na ubishi juu ya malipo ukaendelea hata baada ya maridhiano. Fikiria umri: aliyekuwa na miaka 40 shirika lilipovunjika alikuwa na miaka 68 siku ya maridhiano. Hakuna ongezeko la mshahara la miaka ya 1970 linaloweza kulinganishwa na kusubiri huko. Mtafiti anayepima hali ya maisha kwa kuangalia hati za mishahara peke yake hataliona jambo hili, kwa sababu linaonekana miaka 28 baadaye, katika faili la mahakama.

4.0 Shirika lisiloruka

Desemba 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya shirika kwa dola milioni 20 za Marekani. Mwaka 2006 serikali ilizirudisha hisa hizo kwa dola moja. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilikiondoa cheti cha uendeshaji cha shirika, likarejea angani mwezi uliofuata. Machi 2010 Boeing 737 yake iliacha njia Mwanza na kuharibika isitengenezeke. Aprili 2012 ndege yake ya pangaboi, Dash 8, iliharibika Kigoma.

Mambo haya huandikwa kama habari za menejimenti mbovu. Kwa rubani yalikuwa na maana nyingine. Ujuzi wake una muda wa kuisha. Kanuni za kimataifa zinamtaka awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kabla ya kubeba abiria. Lazima apimwe uwezo mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida katika simuleta, yaani mashine inayoiga ndege, ambayo kwa ndege nyingi iko nje ya nchi na hulipiwa kwa dola. Na idhini yake ni ya aina moja ya ndege, siyo ndege zote. Mwalimu ambaye shule yake imefungwa anabaki mwalimu. Rubani ambaye ndege yake imefungiwa huanza kupoteza kazi yake hata kama mshahara unaingia. Afya nayo imo katika hesabu: cheti cha daktari hudumu miezi 12, na huwa miezi sita kwa aliyepita miaka 60, au aliyepita miaka 40 akibeba abiria peke yake bila rubani wa pili. Shinikizo la damu, ambalo kwa mwenye duka ni sababu ya kupunguza chumvi, kwa rubani ni sababu ya kukosa kipato.

Ndiyo maana wenye saa nyingi waliondoka, wengine kwenda mashirika ya Ghuba na wengine kwenye kampuni binafsi za hapa nchini. Serikali ilipoleta ndege mbili mpya za pangaboi aina ya Q400 mwezi Septemba 2016, kazi ya kupata watu wa kuzirusha ilikuwa nzito sawa na ya kuzilipia, ingawa magazeti yalipiga picha ndege tu.

5.0 Desemba

Kampuni binafsi zilibadilisha ramani ya kituo kwa namna isiyo ya moja kwa moja. Precision Air ilianzia Arusha mapema katika miaka ya 1990, ikiasisiwa na Michael Shirima, mtu aliyewahi kuwatumikia Shirika la Afrika Mashariki na lile la Tanzania. Kwa muda ilionekana kaskazini imepata kituo chake. Lakini soko la abiria liko Dar es Salaam, na kampuni ilipokua, ikauza asilimia 49 kwa Kenya Airways mwaka 2003 na kununua ndege za ATR, uzito wa kazi ulihamia pwani. Mwezi Novemba 2012 Fastjet ikaanza safari za Dar es Salaam hadi Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli zilizotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, bei iliyogombana na basi. Wafanyabiashara waliozoea kukesha barabarani wakaanza kuuliza bei ya tiketi. Nauli ya namna hiyo hulipwa na kitu, na kinachoilipa ni ndege kutosimama. Inatua, inashusha, inapakia, inaondoka. Na ratiba ya rubani husongwa kwa kiasi hicho hicho, hadi mahali kanuni za uchovu zinaposema basi.

Mila ya Wachagga kurudi nyumbani Desemba inajulikana nchi nzima. Barabara ya Moshi hujaa, mbuzi hupanda bei, mbege hupikwa, na mambo ya ukoo yaliyoahirishwa mwaka mzima hukaliwa kikao kihambani. Ndege za Dar es Salaam kwenda KIA hujaa pia, na kwa sababu hiyo hiyo marubani hawapewi likizo. Yule aliyezaliwa chini ya mlima huwaleta ndugu za watu. Hutua KIA, hukaa chini kama nusu saa, hutazama Kibo kupitia kioo ikiwa mawingu yameruhusu, kisha huondoka na abiria wachache wanaokwenda kinyume na msafara. Kikao cha ukoo humhesabu kuwa hayupo, ingawa alikuwa wilaya ya jirani asubuhi hiyo, pengine mara mbili.

Kuna suala la saa ambalo halina uzito mkubwa, lakini linaeleza hali hii vizuri. Rubani wa Tanzania huishi katika saa tatu. Safari ambayo mama yake anaiita ya saa kumi na mbili asubuhi, tiketi inaiita 06:00, na karatasi zake za safari zinaiita 03:00, kwa kufuata saa ya dunia. Ili aondoke wakati huo huamka usiku wa manane, jirani anaporudi kutoka harusini. Uchovu wa rubani wa mbali hutokana na kuvuka majira. Wa rubani wa ndani hutokana na kuamka mapema siku nne mfululizo, kutua mara nne hadi sita kwa siku, na kulala mchana katika nyumba yenye watoto.

Ajabu ni kwamba walioepuka mengi ya haya ni marubani wa ngazi ya chini machoni pa watu, wale wa ndege ndogo za Cessna Caravan zinazobeba watalii kutoka Arusha kwenda Serengeti. Mara nyingi wanapokea kidogo kuliko wenzao wa ndege kubwa, wanapakia mizigo kwa mikono yao, na daktari huwatazama kwa jicho kali zaidi wakiruka peke yao. Lakini viwanja vya porini havina taa. Jua likizama, ndege lazima iwe imerudi Arusha, na rubani hulala kwake. Kama hoja ya insha hii kuhusu kituo ni sahihi, baadhi yao wameishi maisha bora kuliko kepteni wa Boeing, na kijana wa Kiboriloni anayeidharau Caravan kama ngazi ya kupitia anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kuipita.

6.0 Novemba 2022

Jumapili ya Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikitoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja, katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika kwa mitumbwi yao.

Siku hiyo hiyo Nairobi, marubani wa Kenya Airways walikuwa katika siku ya pili ya mgomo ulioitishwa na chama chao, KALPA. Miongoni mwa madai yao makuu ilikuwa kurejeshwa kwa michango ya mwajiri katika mfuko wa akiba ya uzeeni. Watu wengi waliwalaumu kwa kudai pensheni huku mishahara yao ikiwa juu sana kwa kipimo cha eneo hili. Anayeijua historia ya mwaka 1977 hawezi kuwalaumu kwa wepesi huo, maana shirika lao lilizaliwa katika mvunjiko ule ule uliowaacha watumishi wa zamani wakidai mafao hadi uzeeni.

Kwa upande wa Bukoba, taarifa za uchunguzi zilijishughulisha, kama ilivyopasa, na upepo, njia ya kutulia na uokoaji. Swali la familia za marubani lilikuwa chini ya sheria nyingine. Abiria hudai kwa sheria ya usafirishaji. Rubani aliyefia kazini ni mfanyakazi, na wategemezi wake huelekea katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, wakiwa na cheti cha kifo, mkataba wa ajira na uthibitisho wa kipato. Marubani wa Dakota ya Mei 1955 walikufa kabla ya mfuko huo kuwapo.